Besi na Amplifaya Yake

Hoja kwamba bendi ya kanisa au ya harusi huko Mautuma inunue amplifaya moja ya gitaa, kisha ichomeke besi humo humo, ni ya kuokoa pesa leo na kununua spika kesho. Uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Wa gitaa, mara 82. Mtetemo mzito wa besi hudai koni ya spika iende mbele na nyuma umbali mkubwa zaidi, kabati pana na wati nyingi. Spika ya gitaa ikilazimishwa hivyo hukoroma, kisha koili huungua au koni huchanika. Kwa mazoezi ya sauti ndogo sebuleni, sawa.

Omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, nao si ushahidi kwamba amplifaya ya gitaa hutosha besi. Mpiga omutibo George Mukabi alipiga noti za besi kwa dole gumba, lakini juu ya gitaa kavu, na noti za chini zilikuwa za gitaa lilelile.

Kinyume chake, yaani gitaa kwenye amplifaya ya besi, hakina hatari: amplifaya ya Fender Bassman ya 1952 iliundwa kwa ajili ya besi, na baadaye wapiga gitaa wakaing'ang'ania. Mwenye fedha ya amplifaya moja tu anunue ya besi.