Chanjo Ipo, Mhandisi Yuko Wapi?

Pale Uthiru, pembezoni mwa Nairobi, kando ya barabara ya zamani ya Naivasha, ipo ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Mzizi wake mmoja ni ILRAD, maabara iliyoundwa mwaka 1973 kupambana na magonjwa mawili ya ng'ombe: nagana na ndigana kali, ambayo huenezwa na kupe. Ukiendelea mbele unafika Muguga, ilikotoka chanjo ya ndigana kali. Ndama hudungwa vimelea hai vilivyotolewa kwenye kupe, na papo hapo hudungwa oksitetrasaiklini ili augue kidogo tu, kisha apate kinga ya muda mrefu.

Chanjo hiyo inafanya kazi. Shida ni kuifikisha zizini. Vimelea huhifadhiwa ndani ya mtungi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja wa chanjo una dozi nyingi, na ukishayeyushwa lazima utumike ndani ya saa chache. Mama wa Kinoo, jirani na Uthiru, mwenye ndama mmoja inabidi asubiri majirani walete ndama wao, na kupe hawasubiri.

Daktari wa mifugo hawezi kulitatua hili peke yake. Linamtaka mtu anayeijua chembe hai na pia anayeujua mtungi, baridi na bei: mhandisi wa mifumo ya kibiolojia. Fani hii inafundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako zamani iliitwa uhandisi wa kilimo. Ndiyo maana wazazi wengi bado wanadhani ni ya matrekta, na wanauliza mtoto ataajiriwa na nani baada ya miaka mitano darasani. Ataajiriwa kwenye viwanda vya maziwa na vya chanjo, vyumba baridi vya maparachichi, miradi ya umwagiliaji na ya bayogesi. Ni kweli pia kwamba shahada haitoshi: Bodi ya Wahandisi humtaka kwanza afanye kazi chini ya uangalizi kabla ya kumsajili kuwa mhandisi kamili.

Lakini kazi kubwa kuliko zote hizo bado haijatangazwa gazetini. Ni ile iliyo kati ya maabara ya Uthiru na zizi la Kinoo, na atakayeifanya itabidi aianzishe mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba wahadhiri: mnapogawa miradi ya mwaka wa mwisho, mpeni mwanafunzi mmoja mtungi wa naitrojeni na swali hili: dozi moja itamfikiaje ndama mmoja?