Njiti haponi kwa kukata utepe

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 tunamwita njiti. Ngozi yake laini kama karatasi, mishipa yake kama uzi. Tumbo lake likishindwa kupokea maziwa ya kutosha, daktari huweza kupitisha mpira mwembamba kitovuni au mkononi mpaka kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Humo hupita dawa na chakula. Mpira huo unaokoa maisha.

Lakini mpira huo huo unaweza kuua. Ncha ikikaa vibaya, maji ya dripu huweza kuvujia kwenye mfuko wa moyo, moyo ukabanwa. Damu huweza kuganda. Ukiguswa kwa mikono michafu, vijidudu huingia moja kwa moja kwenye damu. Kinga yake si siri: eksirei ya kuonyesha ncha ilipo, maji na sabuni, manesi wa kutosha usiku na mchana, na kuuchomoa mara tu kazi yake inapokwisha.

Sasa tuwaulize wakubwa. Tarime ina mgodi mkubwa wa dhahabu Nyamongo tangu 2002. Serengeti inapokea watalii wa dunia nzima. Kwa nini njiti wa wilaya hizi akizidiwa, mama yake awaze safari ya Musoma, au ya Bugando kule Mwanza, kichanga kikipigwa baridi njiani? Hospitali ya Kwangwa, Musoma, ilikaa gofu miongo mizima kabla ya kufunguliwa. Njiti hana miongo. Ana saa.

Hatukatai mashine. Tunakataa mashine inayosindikizwa na mashangingi, ikapigwa picha, kisha ikaachwa kwenye wodi isiyo na maji wala nesi. Hapo mpira wa kuokoa unageuka kitanzi.

Nanyi vijana, msikae kijiweni mkidhani haya ni mambo ya akina mama. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2021, ulionyesha kuwa watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu kwa robo kuliko waliosubirishwa kwanza. Kifua cha baba nacho kina joto. Mbebeni mwanenu leo, kesho mbaneni diwani na mbunge: maji wodini, manesi, eksirei.

Njiti hana kura. Ninyi mnazo.