Sikio Nyuma ya Pazia

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Walisema kweli, kwa kuwa jicho huona yote yaliyo mbele yake, yawe haki yake au yasiwe haki yake. Lakini nakuomba, msomaji kijana, ukubali na neno la pili: yako mambo ambayo mtu hawezi kuyahukumu sawasawa mpaka jicho lake litiwe pazia. Moja katika mambo hayo ni sauti.

Huko Marekani, Uingereza, Ujapani na katika nchi nyingine wako watu wenye mapenzi makubwa ya muziki utokao katika mitambo. Mapenzi hayo si aibu. Ni pambo la maisha. Lakini yamezaa ugomvi uliodumu zaidi ya miaka 40. Kundi moja lasema kuwa sikio ndilo hakimu wa mwisho, na asikiaye tofauti haulizwi ushahidi. Kundi la pili lasema kuwa sikio ni shahidi tu, na kila shahidi hana budi kuhojiwa. Wakati wao wakigombana, biashara imestawi. Ziko nyaya za spika zinazouzwa kwa bei ya motokaa. Viko vigingi vya kuinulia nyaya hizo ili zisiguse sakafu. Karibu na mwaka 1990 wengine walipaka wino wa kijani katika ukingo wa diski zao za muziki, wakaapa kuwa sauti imetakata.

Je, watu hawa ni waongo? La, usiwaite hivyo. Mwongo hujua kuwa asemalo si kweli. Hawa husema wanachokisikia. Shida ni kuwa mtu hasikii kwa sikio peke yake. Husikia pia kwa jicho lililoona dhahabu juu ya waya, kwa mfuko uliotoa fedha, na kwa moyo usiopenda kujuta. Tamaa hutangulia, sikio likafuata.

Tazama ushahidi. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wataalamu wa sauti, walitoa habari za jaribio walilofanya Marekani. Wasikilizaji 40 walizipa spika alama, mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Alama hazikulingana. Spika kubwa zenye umbo la fahari zilipanda zilipoonekana, na spika ndogo ya bei nafuu ikashuka. Masikio yalikuwa yale yale. Kilichoongezeka ni kuona. Tena, mwaka 2010 mjini Indianapolis, wapigaji fidla 21 walivikwa miwani ya giza, wakapewa fidla 6. Tatu zilikuwa mpya, na tatu zilikuwa kongwe za Italia, kazi za Stradivari na Guarneri, ambazo thamani yake ni mamilioni ya dola. Wengi hawakuweza kusema kama fidla waliyoichagua ilikuwa mpya au kongwe, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Ikiwa mafundi walioishi na fidla toka utoto wao walihitaji miwani ya giza ili wajue kweli, mimi na wewe ni nani tujione tumekingika?

Watetezi wa kundi la kwanza hujibu kuwa jaribio hulitia sikio wasiwasi, na kuwa mambo mororo hayapimwi kwa haraka. Jibu hili lingekuwa na uzito lau wangedai tofauti ndogo. Lakini wanapousifu waya mpya husema kuwa umbali wake na wa zamani ni kama wa mbingu na ardhi. Haiwezekani mbingu na ardhi zikafanana mara tu kitambaa kinaposhushwa. Kama haraka ndiyo kosa, na wapewe siku nzima, au mwezi, nyumbani kwao, kwa muziki waupendao. Kitu kimoja tu wasiambiwe, nacho ni jina la chombo kinachopiga.

Wala si kweli kuwa pazia ni adui wa sikio. Pazia halisemi "hapana" siku zote. Nyuma ya pazia, wasikilizaji hutofautisha spika mbovu na nzuri, tena hupatana katika uchaguzi wao. Katika habari za jaribio la muziki wa diski za ubora wa juu lililofanyika Marekani, zilizotolewa mwaka 2007, majibu 276 kati ya 554 yalikuwa sahihi; yaani nusu, kama kurusha sarafu. Lakini mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya majaribio 18 ya namna hiyo, akapata kiasi cha majibu 52 sahihi katika kila 100, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini pazia halikuificha. Basi pazia humpa kila mtu haki yake, si zaidi wala si pungufu.

Kwa sababu hiyo nalilaumu pia kundi la pili, pale linapocheka kabla ya kujaribu. Dhihaka si elimu. Asemaye "haiwezekani" bila kupima ni ndugu wa asemaye "nimesikia" bila kupimwa.

Tena pazia lenyewe lataka uaminifu. Tangu mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison iliwaalika watu katika kumbi za Marekani, mwimbaji akasimama kando ya gramafoni. Taa zilizimwa, na wengi walishindwa kujua ni nani aimbaye, mtu au mashine. Leo santuri zile zikipigwa, hata mtoto hutambua kuwa ni mashine. Giza lilikuwako, lakini mwenye kulishika alikuwa mwuzaji, na waimbaji walilinganisha sauti zao na ya gramafoni. Pazia lililo mkononi mwa mwenye faida ni mtego.

Basi ukitaka kujaribu wewe na wenzako, fanyeni kwa haki. Lingasheni kwanza nguvu za sauti, kwa kuwa sauti iliyozidi kidogo tu huonekana bora. Rusheni sarafu ichague chombo kitakachopigwa. Abadilishaye asionekane na msikilizaji. Kumbukeni Hans, farasi wa Berlin aliyesifiwa kuwa ajua hesabu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alieleza kuwa farasi yule alisoma dalili ndogo za mwili wa mwulizaji, na mwulizaji asipojua jibu, Hans naye hakujua. Rudieni mara 10. Mtu akipata 7 msimshangilie, kwa sababu abahatishaye hupata 7 au zaidi mara 17 hivi katika 100. Akipata 9 au 10 mvulieni kofia, maana bahati hufika hapo kama mara moja tu katika 100.

Huenda ukauliza kwa nini nakusumbua kwa nyaya za matajiri. Nakusumbua kwa kuwa jicho lidanganyalo sikio juu ya waya hulidanganya pia juu ya mtu. Katika miaka ya 1970 na 1980 okestra nyingi kubwa za Marekani zilianza kuwasikiliza waombaji wa kazi nyuma ya pazia, ili waamuzi wahukumu muziki, wasihukumu sura wala jinsia. Hebu fikiri ni vipaji vingapi vilirudishwa mlangoni zamani na waamuzi walioapa kuwa wamesikia, kumbe wameona.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu kilicho kizuri kweli hakiogopi kusikilizwa gizani, na mtu apendaye kweli haogopi kuambiwa kuwa amekosea. Siku utakapoapa kuwa umesikia, uwe wa kwanza kuomba pazia.