Kuanguka Bila Hasara

Kijana wa Nkoma, mjini Mbale, atamaniye kurusha ndege ndogo iongozwayo kwa redio, asianzie uwanjani. Aanze kwenye kompyuta. Humo ndege ikianguka, hubonyezwa kitufe ikarudi angani. Uwanjani, akiba ya miezi mingi huwa vipande kwa nukta moja.

Kosa kubwa la wanagenzi ni hili: ndege ikimwelekea mrushaji, kulia kwake huwa kushoto kwa ndege. Dawa ni kusukuma fimbo upande anaouona bawa limeinama. Mkono hauzoei jambo hilo kwa kuambiwa, bali kwa kurudia.

Marubani wenyewe walipita njia hiyo. Mwaka 1929 Edwin Link wa Marekani, mwana wa mtengeneza vinanda, alitumia mivukuto ya kinanda kuunda chombo cha mazoezi kilichoyumba kama ndege bila kuondoka chini. Jeshi la nchi hiyo lilinunua 6 mwaka 1934, baada ya marubani wake kadhaa kufa wakipeleka barua katika hali mbaya ya hewa.

Basi mzazi amwonapo mwanawe mbele ya kompyuta, asiharakishe kumkemea. Amwulize ameanguka mara ngapi, na kila mara amejifunza nini.