Mapafu kwanza, kisu baadaye

Hospitali inayojivunia kwamba karibu kila mtoto iliyemfanyia upasuaji wa ngiri ya kiwambo amepona huenda ndiyo iliyozungukwa na vifo vingi zaidi vya ugonjwa huo. Haisemi uongo. Watoto wanaofika kwa daktari bingwa wakiwa na umri wa siku tatu au wiki moja ni wale ambao mapafu yao yalikuwa na uwezo wa kuwafikisha hapo. Wenzao walifia leba, au njiani ndani ya gari la wagonjwa, au nyumbani mikononi mwa bibi, na jina la ugonjwa wao halikuandikwa popote.

Udanganyifu huu wa takwimu haukugunduliwa Afrika. Mwaka 1978 daktari Michael Harrison wa Marekani, pamoja na wenzake wa Norway, aliwahesabu hata watoto waliokufa kabla ya kufikishwa kwa mpasuaji, na picha iliyotokea ilikuwa mbaya kuliko ile iliyotolewa na vyumba vya upasuaji peke yake. Aliviita vifo vilivyofichika. Karibu nusu karne baadaye, Afrika Mashariki bado inavificha, na haiwezi kupanga vizuri matibabu ya watoto isiowahesabu.

Kiwambo ni msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ule unaoshuka mtu anapovuta pumzi na kupanda anapoitoa. Kwa kawaida hukamilika kufikia wiki ya 10 hivi ya mimba. Kwa mtoto mmoja kati ya takriban 3,000, tundu hubaki wazi, aghalabu upande wa kushoto kwa nyuma, mahali palipoelezwa mwaka 1848 na Vincent Bochdalek, mwanaanatomia wa Prague. Utumbo hupanda kifuani, pamoja na bandama na wakati mwingine ini, na moyo husukumwa kuelekea kulia. Hiyo ndiyo ngiri ya kiwambo. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Kwa kadirio hilo, zaidi ya 600 kati yao wangekuwa na tundu hili. Nani amewaona wote?

Wengi hudhani tundu ndilo ugonjwa, kwa hiyo likishonwa mtoto amepona. Sivyo. Kinachoua ni mapafu.

Mapafu ya mtoto aliye tumboni hayana hewa. Yana majimaji ambayo yenyewe huyatengeneza, na majimaji hayo ndiyo yanayoyatanua na kuyakuza, huku njia za hewa zikiendelea kutoa matawi wiki baada ya wiki. Vifuko vya hewa huja mwishoni, na huendelea kuongezeka hata baada ya mtoto kuzaliwa na kuanza kutembea. Utumbo ukiwa kifuani, nafasi hiyo yote hupungua. Matawi huwa machache na mishipa ya damu huwa myembamba yenye kuta nene, kiasi kwamba mtoto anapotoka na kulia kwa mara ya kwanza, damu hukataa kupita kwenye mapafu. Midomo hugeuka bluu ndani ya dakika chache.

Tena inaonekana mapafu hayangoji kubanwa ili yadumae. Watafiti wa Rotterdam waliotumia panya waliopewa nitrofeni, dawa ya kuulia magugu inayosababisha ngiri hii kwa vitoto vyao, walionyesha mwaka 2000 kwamba ukuaji wa mapafu huharibika mapema, hata kabla kiwambo hakijafikia wakati wa kufunga. Njia ya vitamini A mwilini inahusika. Panya walionyimwa vitamini hiyo walikwisha kuzaa watoto wenye ngiri ya kiwambo katika majaribio ya miaka ya 1940. Mjamzito asikimbilie vidonge kwa sababu ya panya hao, kwani kuzidisha vitamini A nako humdhuru mtoto tumboni.

Kwa muda mrefu madaktari walifuata mantiki ya tundu. Mwaka 1946 Robert Gross, wa hospitali ya watoto ya Boston, aliripoti kufanikiwa kumpasua mtoto ambaye hakuwa ametimiza saa 24, na kwa karibu miaka 40 iliyofuata kanuni ikawa mbio: mtoto azaliwe, apelekwe chumba cha upasuaji, hata iwe usiku. Lilikuwa jambo la kishujaa. Kisha madaktari wa Toronto wakafanya kitu kidogo tu: walipima jinsi mapafu yanavyotanuka kabla na baada ya upasuaji. Matokeo waliyochapisha mwaka 1987 yalionyesha kwamba kwa wengi wa watoto hao hali ilikuwa mbaya zaidi baada ya kushonwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, Jen-Tien Wung wa Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York alikuwa amechapisha hoja iliyokwenda kinyume na mazoea: mapafu ya kichanga yasilazimishwe kwa mashine iliyofunguliwa kwa nguvu, na daktari avumilie kaboni dayoksaidi ikizidi kidogo katika damu. Mafundisho hayo mawili, kungoja na kutumia nguvu kidogo, ndiyo yaliyobadilisha maisha ya watoto wa ngiri ya kiwambo. Leo katika vituo vikubwa vya nchi tajiri takriban 7 kati ya 10 huishi, na kwingine zaidi. Upasuaji hungoja hadi mapigo na mzunguko wa damu utulie, hata ikichukua siku kadhaa.

Mambo ya gharama kubwa hayakuwa na bahati hiyo. Gesi ya nitriki oksaidi, inayolegeza mishipa ya mapafu, ilijaribiwa kwa watoto hawa na matokeo yakatolewa mwaka 1997, lakini haikupunguza vifo. Harrison mwenyewe, ambaye mwaka 1990 alitangaza kwamba amemfungua mama mjamzito na kuiziba ngiri ya mtoto angali tumboni, aliiacha njia hiyo baadaye kwa sababu haikuwashinda waliongoja kuzaliwa. Akageukia wazo jingine. Majaribio kwa wanakondoo walio tumboni yalikuwa yameonyesha kwamba ukifunga njia ya hewa, majimaji hukosa pa kutokea na mapafu huvimba na kukua. Mwaka 2003 alitoa matokeo ya wajawazito 24: katika kundi la watoto waliozibiwa njia ya hewa walipona 8 kati ya 11, na katika kundi la waliopata matunzo ya kawaida baada ya kuzaliwa walipona 10 kati ya 13. Utafiti ulisimamishwa.

Jan Deprest wa Leuven, Ubelgiji, hakukata tamaa. Yeye na wenzake wa Ulaya walijifunza kupitisha kamera nyembamba kwenye tumbo la mama, kuingia kinywani mwa mtoto, na kuacha puto dogo ndani ya njia yake ya hewa. Kwa hali mbaya kabisa, puto huwekwa kati ya wiki ya 27 na ya 29 na kutolewa wiki ya 34. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yanastahili kusomwa kwa makini. Kwa watoto wenye mapafu madogo kabisa, waliotoka hospitali wakiwa hai ni 16 kati ya 40 upande wa puto na 6 kati ya 40 upande wa pili. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini kwa wenye hali ya wastani tofauti ilikuwa asilimia 63 kwa 50, pengo ambalo huenda lilitokana na bahati tu. Tena karibu nusu ya akina mama waliowekewa puto katika kundi la kwanza walipasuka chupa kabla ya wakati, na wengi wakajifungua njiti.

Puto lina sharti jingine: mama lazima akae karibu na hospitali wiki zote hizo, kwa sababu mtoto akizaliwa na puto kooni bila timu ya kulitoa atakosa hewa papo hapo. Wakati mjamzito wa Tunduru au Turkana bado anasafiri siku nzima kufuata rufaa, kuota kituo cha puto ni kujidanganya. Toronto, Augusto Zani na wenzake wameonyesha kwa wanyama wa maabara kwamba chembe ndogo mno zinazotolewa na seli shina za maji ya uzazi zinaweza kuyaamsha mapafu yaliyodumaa. Ikija kuwa tiba ya binadamu, labda huko ndiko pa kuelekeza macho.

Kwa sasa fedha ziende kwingine, kuanzia kliniki ya wajawazito. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Mpimaji aliyefundishwa kutazama kifua, na si kuhesabu watoto na kutaja jinsia tu, anaweza kuona utumbo ukiwa pembeni mwa moyo. Hapo familia ina miezi ya kujiandaa na hospitali ya rufaa ina jina la mama kwenye orodha.

Bila kipimo hicho, mzigo wote humwangukia mkunga. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuthibitisha kwamba mafunzo ya kuwasaidia vichanga kupumua yanafanya kazi: matokeo kutoka hospitali nane, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Chombo chenyewe ni mfuko wa kusukumia hewa kwa barakoa. Ajabu ni kwamba kwa mtoto wa ngiri ya kiwambo chombo hicho huleta madhara, kwa kuwa hewa huingia tumboni, utumbo ulioko kifuani hujaa, na mapafu hubanwa zaidi. Anahitaji mpira uingizwe moja kwa moja kwenye njia ya hewa na mwingine wa kutoa hewa tumboni. Hata mashine za mapovu za kusaidia kupumua, zinazowaokoa njiti wengi katika wodi zetu, hazimfai.

Mkunga asilaumiwe. Mtoto asiyepumua lazima asaidiwe, na wengi mno huokolewa kwa mfuko ule ule. Anachoweza kuongezewa ni jicho: tumbo lililobonyea badala ya kutuna, mapigo ya moyo yanayosikika kulia, mtoto anayezidi kubadilika rangi kadiri anavyosukumiwa hewa. Mpira wa tumboni ni kitu cha bei ndogo. Kujua wakati wa kuuingiza ni suala la mafunzo ya siku chache.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa nadra, na nchi ina malaria na kuharisha. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zaidi zamani. Tafiti za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha vifo vya siku 28 za kwanza ni 24 kwa kila watoto 1,000 Tanzania na 21 Kenya, yaani zaidi ya nusu ya vifo vyote vya walio chini ya miaka mitano Tanzania, na zaidi kidogo ya nusu Kenya. Kadiri malaria inavyopungua, kasoro za kuzaliwa nazo ndizo zinazobaki. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2021, uliofuatilia watoto 3,849 wenye kasoro saba za aina hii katika nchi 74, ulikuta waliokufa ni karibu 40 kati ya 100 katika nchi maskini, na chini ya 6 katika nchi tajiri. Vitu vinavyoleta tofauti hiyo ni hewa ya oksijeni isiyokatika, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, gari la rufaa lenye muuguzi ndani na daktari wa usingizi aliyezoea vichanga. Vitu hivyo hivyo humtumikia pia mtoto ambaye utumbo wake umetoka nje, na yule ambaye umio wake umeziba.

Kazi ya kuhesabu haihitaji kungoja lolote kati ya hayo. Tanzania na Kenya tayari zina utaratibu wa kujadili vifo vya wajawazito na vichanga hospitalini, na sababu inayoandikwa mara nyingi ni kwamba mtoto alishindwa kupumua. Kwa kichanga aliyetimiza miezi na kufa kwa kukosa pumzi bila sababu ya wazi, picha moja ya eksirei ya kifua inaweza kuonyesha utumbo mahali ambapo pangekuwa na pafu. Haichani mwili na huchukua dakika chache, kwa hiyo hata familia inayotaka kuzika kabla ya alasiri haicheleweshwi. Wizara zikiagiza ipigwe, kwa ridhaa ya wazazi, katika kila hospitali ya mkoa au kaunti yenye mashine, ndani ya mwaka mmoja mganga mkuu atakuwa na idadi ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti.