Ngala aliivunja KADU, hati za ardhi zikabaki

Kila uchaguzi ukikaribia, wanasiasa wetu humfukua Ronald Ngala kaburini. Utasikia jukwaani kwamba Pwani yahitaji chama chake, na kwamba turudi kuongea kwa sauti moja kama enzi za Ngala. Anayesema hivyo ama hakuisoma historia ama anatumai sisi hatukuisoma. Enzi za Ngala Pwani haikuwa na sauti moja. Ilikuwa na sauti mbili zilizogombana vikali, na ugomvi huo ndio uliotufikisha hapa tulipo katika suala la ardhi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Ngala, Mgiriama aliyezaliwa 1923, alisoma Alliance na Makerere, akawa mwalimu. Mwaka 1949 alichapisha kitabu kuhusu nchi na desturi za Wagiriama, kabla ya wengi kumjua katika siasa. Machi 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, pamoja na akina Tom Mboya, Oginga Odinga na Daniel Moi. KANU ilipoundwa 1960 alipewa cheo cha mweka hazina hali yuko safarini nje ya nchi. Alikikataa. Mwezi Juni yeye, Moi, Masinde Muliro na wenzao walikutana Ngong wakaunda KADU, chama cha jamii ndogo zilizohofia kumezwa na kubwa.

Wako wanaomwita kibaraka kwa yaliyofuata. Uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ikagoma kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe. Ngala alikubali kuiunda, kwa msaada wa wabunge walioteuliwa na Gavana. Mimi silioni jambo hilo kuwa usaliti. Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huo huo, serikali hiyo ikiwa madarakani, na mwaka uliofuata kule Lancaster House, London, Ngala alipata alichokifuata: katiba ya majimbo. Pwani ingekuwa jimbo lenye bunge lake na mamlaka yake.

Sasa ile sauti ya pili. Watu wa miji, kutoka Lamu na Malindi hadi Mombasa na Vanga, hawakuwa wote nyuma ya Ngala. Ukanda wa maili kumi ulikuwa bado ni wa Sultani wa Zanzibar kwa mkataba, Waingereza wakiusimamia tu, na wapo waliotaka Mwambao ujitawale au urudi kwa Sultani. Ngala aliwapinga wazi. Kwake yeye, Pwani ilikuwa ukanda pamoja na bara lake, na mwenye kuukata Mwambao alimkata Mgiriama asiione bahari. Jibu lake kwao lilikuwa majimbo: hofu yenu ya kutawaliwa na watu wa bara ninayo pia, basi tujilinde pamoja. Wengi hawakumwamini, na mpaka leo ukikaa barazani na wazee wa mjini, jina lake halitajwi kwa joto lile utakalolikuta Kaloleni au Ganze.

Mwaka 1961 Sir James Robertson, aliyetumwa na Waingereza kuchunguza suala hilo, alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa saini, Kenyatta kwa Kenya na Mohamed Shamte kwa Zanzibar. Sultani aliuachia ukanda, na kwa upande wake Kenya iliahidi kulinda uhuru wa dini na mahakama za kadhi. Iliahidi pia kwamba hati za umiliki wa ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa siku zote. Watu husahau kipengele hiki cha mwisho, nami naona ndicho kizito kuliko vyote.

Hati hizo zilitokana na sheria ya 1908. Mwenye madai aliyaleta mbele ya msajili. Asiyeleta, ardhi ikawa ya serikali ya kikoloni. Mmijikenda aliyelima shamba la ukoo bila karatasi alijikuta nje ya daftari. Hivyo 1963 Pwani iliingia uhuru ikibeba ahadi mbili. Mwenye hati aliahidiwa kwamba hati yake haitaguswa. Asiye na hati aliahidiwa jimbo, ambamo angekuwa na wingi wa kura na sauti katika mambo ya nyumbani kwake.

Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kuivunja KADU na kujiunga na KANU. Serikali kuu ilikuwa imeyanyima majimbo fedha, wabunge wake wakimhama mmoja mmoja. Alisema ni kwa ajili ya umoja wa taifa. Desemba 12 nchi ikawa jamhuri, na majimbo yakaanza kubomolewa kipande kwa kipande. Baadaye alipewa uwaziri, akaufia: Desemba 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, akafariki siku ya Krismasi. Ilisemwa nyuki waliingia garini. Hayo Pwani haijayameza hadi leo.

Ahadi ya pili ikafa na chama, ya kwanza ikaendelea kuishi. Na si wenye hati wa asili tu walioneemeka. Katika miongo iliyofuata vigogo wa Nairobi walijigawia fukwe zetu, kama ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilivyoonyesha kwa nchi nzima. Mzaliwa wa Chembe Kibabamshe au Magarini akabaki na jina la skwota.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu twaambiwa ugatuzi ndio majimbo ya Ngala yaliyorudi. Kwa fedha, ni kweli: katiba ya 2010 inazitengea kaunti zisizopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, na hakuna Nairobi ya kuzinyima kabisa kama 1964, ijapokuwa kuzichelewesha inajua sana. Kwa ardhi, sivyo. Kaunti ya Kilifi hupanga miji na kutoza kodi za viwanja, lakini hati hutolewa na serikali kuu, na Tume ya Ardhi ni ya kitaifa.

Kabla ya 2022 tulipata PAA, chama chenye mizizi Kilifi. Kiliingia Kenya Kwanza, na Amason Kingi akawa Spika wa Seneti. Cheo kikubwa, sikatai. Lakini twapaswa kuuliza kuhusu chama chochote kitakachokuja 2027 kikijiita cha Pwani: kikialikwa meza kuu, kitaomba nini kabla ya kukaa? Kama ni kiti, tumekwisha kupewa viti tangu 1966. Kama ni hati, kitaje mashamba gani, kati ya Mtwapa na Marereni, na kwa bajeti gani wenye hati watalipwa. Maana ahadi ya 1963 haiwaruhusu kunyang'anywa bure, na Mswahili wa Takaungu mwenye karatasi ya babu yake ni Mpwani pia, naye anataka kujua mapema.