Sentensi Moja, Matawi Mawili: Uchanganuzi Usiishie Penye Jibu la Kwanza

Katika mitihani ya sarufi ya Kiswahili nchini Kenya, maswali mawili yamezoeleka kiasi kwamba mtahiniwa huyatarajia kabla ya kuifunua karatasi. La kwanza humtaka achanganue sentensi kwa kielelezo cha matawi, kwa jedwali au kwa mishale. La pili humtaka aeleze maana mbili za sentensi tata. Maswali haya hukaa katika karatasi moja kama majirani wasioamkiana. Anayechanganua hatarajiwi kuukumbuka utata. Naye anayeeleza utata hatarajiwi kuchora chochote. Makala haya yanashikilia kwamba utengano huo una madhara, na kwamba njia ya kuuondoa yaweza kupatikana katika taaluma ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili huidhania kuwa ngeni kwao, yaani taaluma ya kuiwezesha tarakilishi kuchanganua sentensi.

Ugeni huo ni wa kudhaniwa tu. Mwaka 1957, Noam Chomsky alichapisha kitabu chake Syntactic Structures, ambamo sentensi ilielezwa kwa kanuni za kuandika upya: S huzaa KN na KT, KN huzaa N na viandamani vyake, na kadhalika. Miaka mitatu baadaye, kanuni zenye umbo kama hilo, zinazohusishwa na John Backus na Peter Naur, zilitumiwa kuelezea muundo wa lugha ya programu iitwayo Algol 60. Kwa hivyo, mti anaouchora mwanafunzi wa Kiswahili ubaoni na mti unaoundwa na tarakilishi ni wa ukoo mmoja.

Njia iliyo rahisi zaidi ya kuunda mti huo kwa mashine ni ile ya kushuka kwa kujirudia. Kila kanuni ya sarufi hupewa mtendaji wake. Mtendaji wa S humwita mtendaji wa KN, kisha wa KT. Mtendaji wa KN hutafuta nomino. Akikuta kwamba ndani ya KN mna KN nyingine, hujiita mwenyewe upya. Kazi huanzia juu kwenye S na kushuka hadi kwenye maneno. Pale ambapo kanuni zina njia zaidi ya moja, mashine hujaribu ya kwanza. Ikikwama, hurudi nyuma hadi kwenye njiapanda na kujaribu inayofuata. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na tuchukulie sentensi hii: Kitabu cha mwanafunzi kilichopotea kimepatikana. Tuseme kwamba sarufi inaruhusu KN ya aina nne: nomino pekee, nomino na kishazi rejeshi, nomino, A-unganifu na KN nyingine, au hizo tatu zikifuatwa na kishazi rejeshi. Mashine hujaribu nomino pekee. Hupata "kitabu", kisha hutarajia kitenzi, ikakutana na "cha". Hurudi nyuma. Hujaribu nomino na kishazi rejeshi. "Cha" huikwamisha tena. Hujaribu njia ya tatu, ikapata "kitabu cha", kisha huanza KN ya ndani. Humo hupata "mwanafunzi" pekee, lakini neno linalofuata, "kilichopotea", si kitenzi kikuu. Hurudi tena, na safari hii huunganisha "mwanafunzi" na "kilichopotea", ikamalizia na "kimepatikana". Mti umekamilika, mashine imeridhika, lakini mti wenyewe ni wa uongo. Hakuna Mswahili asemaye "mwanafunzi kilichopotea".

Kosa si la mashine. Ni la mwandishi wa sarufi aliyesahau kuandika upatanisho wa kisarufi ndani ya kanuni. Ikiandikwa kwamba kishazi rejeshi sharti kipatane na nomino yake kingeli, njia ile hukataliwa, mashine hurudi nyuma mara nyingine, na njia ya nne hukiambatisha kishazi na "kitabu" inavyostahili. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa ngeli hawaambiwi mara kwa mara. Ngeli si orodha ya kukaririwa tu. Ni mfumo unaomwelekeza msikilizaji ni neno lipi linaandamana na lipi, hata yakiwa yametengana. "Picha ya kiti cha mwalimu" na "picha ya kiti ya mwalimu" hutofautiana kwa konsonanti moja tu, lakini katika ya kwanza mwalimu ana kiti, na katika ya pili ana picha.

Hata hivyo, mfumo huo una mpaka wake. Nomino mbili zikiwa za ngeli moja, upatanisho hunyamaza. Mzee alimwona mtoto wa mwalimu aliyefika jana. Ni nani aliyefika? Yawezekana ni mtoto, yawezekana ni mwalimu. Vivyo hivyo "picha ya nyumba ya mwalimu": mwalimu aweza kuwa mwenye nyumba au mwenye picha. Na katika "wazee na vijana wenye bidii", haijulikani kama wazee nao wana bidii. Utata huu haumo katika neno lolote moja, tofauti na ule wa "kaa" au "paa". Umo katika matawi. Sentensi moja ina miti miwili, na kila mti una maana yake.

Mashine ile ya kurudi nyuma hufanyaje ikutanapo na sentensi ya namna hii? Haifanyi lolote la ajabu, na hiyo ndiyo hatari. Katika sentensi ya mtoto wa mwalimu, hukiambatisha kishazi na "mwalimu", upatanisho unakubali, kazi inaisha. Kwa kuwa haikukwama, haina sababu ya kurudi. Mti wa pili hauonekani kamwe, ila mashine iagizwe kuendelea kutafuta hata baada ya kufaulu. Tena, lau mpangilio wa kanuni ungegeuzwa, jibu la kwanza lingekuwa lile jingine. Maana ya sentensi imeamuliwa na mpangilio wa kanuni katika orodha, wala si na msemaji.

Wataalamu wa lugha za programu wameikubali hali hii, na wana sababu nzuri. Katika sarufi ya aina aliyoieleza Bryan Ford mwaka 2004, njia hupangwa kwa zamu, na ya kwanza kufaulu ndiyo pekee inayotambuliwa; utata unafutwa kwa amri. Mwaka 2020 lugha ya Python ilianza kutumia kichanganuzi cha aina hiyo katika toleo lake la 3.9. Tatizo lililokuwa likiwasumbua wataalamu hao tangu Algol 60 laweza kuonyeshwa kwa Kiswahili: Mwalimu akija, wanafunzi wakiwapo, mtihani ufanywe, la sivyo, darasa lifungwe. "La sivyo" hiyo ni ya mwalimu asipokuja, au ya wanafunzi wasipokuwapo? Lugha ya C iliamua kwamba "la sivyo" ni ya sharti lililo karibu zaidi. Uamuzi huo unafaa, kwa sababu agizo kwa mashine halipaswi kuwa na maana mbili.

Lugha ya binadamu haikubali kuamriwa hivyo. Mwandishi wa barua ya kisheria huuogopa utata, mshairi huutafuta, na mfasiri hulazimika kuutambua kabla ya kuchagua. Wote watatu wanahitaji kuiona miti yote, si wa kwanza tu. Wala idadi ya miti si ndogo siku zote. Vikiunganishwa vikundi vya "ya" viwili baada ya nomino, na ngeli zikinyamaza, miti ni 2; vikiwa vitatu ni 5, vinne ni 14, na vitano ni 42. Kumtafuta kila mmoja kwa kurudi nyuma kila mara hugeuka kuwa kazi ya kutwanga maji kinuni, kwa kuwa mashine huchanganua sehemu ileile tena na tena. Ndiyo maana Jay Earley, mwaka 1970, alipendekeza mbinu ya kuhifadhi katika jedwali kila kilichokwisha kutambuliwa, ili miti yote ishirikiane vipande vyake. Naye Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika mfumo wake wa SALAMA wa kuchanganua Kiswahili, alifuata njia ya kuorodhesha kwanza uchanganuzi wote unaowezekana wa neno, kisha kuuondoa ule unaokataliwa na muktadha. Uteuzi haupaswi kutangulia utambuzi.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, maadamu mashine za leo hujifunza lugha kwa kusoma matini nyingi bila kupewa kanuni za KN na KT. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mashine hizo nazo zikiombwa tafsiri hutoa aghalabu jibu moja lililonyooka. Ni nani atakayejua kwamba kulikuwa na jibu la pili, ila yule aliyefunzwa kuliona? Isitoshe, David Cantor na Robert Floyd walithibitisha mwaka 1962, kila mmoja kwa njia yake, kwamba hakuna utaratibu mmoja wa jumla unaoweza kupewa sarufi yoyote ya aina hii na kubainisha kama ni tata au la. Kila sarufi sharti ichunguzwe na mtu anayeifahamu lugha yake.

Hapo ndipo darasa la Kiswahili linapohusika. Mwanafunzi anayeandika ubaoni kwamba KN huzaa KN, A-unganifu na KN hana kosa kinadharia; lakini akiifuata kanuni hiyo kwa kushuka, hatafika popote, kwa sababu kila akitaka kuanza KN ataambiwa aanze KN. Kumpa zoezi la kuifuata kanuni yake hatua kwa hatua kungemfunza zaidi kuliko kukariri vielelezo kumi. Hali kadhalika, mwanafunzi anayekichora kishazi "aliyefika jana" chini ya "mtoto", ilhali mwongozo wa kusahihisha umekichora chini ya "mwalimu", hupoteza alama kwa kuwa sahihi. Msahihishaji wa aina hiyo amefanya kama mashine ile: amelipata jibu la kwanza, akafunga kitabu.

Yanayopendekezwa si makubwa. Maswali yale mawili yaunganishwe, mtahiniwa apewe sentensi tata na atakiwe kuchora mti wa kila maana. Miongozo ya kusahihisha ikubali kila mti unaoruhusiwa na sarufi. Idara za Kiswahili na za sayansi ya tarakilishi zishirikiane kuandika kanuni za upatanisho wa ngeli kwa ukamilifu unaoweza kujaribiwa, maana mashine haina huruma na kanuni iliyoachwa nusu. Kazi hiyo ikiachiwa wasioijua lugha, Kiswahili cha tarakilishi kitakuwa na wanafunzi vilivyopotea, na hapatakuwa na mtu wa kuirudisha mashine nyuma.